Linux Imewekwa, Wi-Fi Haionekani: Hatua za Kufuata Kabla ya Kununua Kifaa

Somo la robo hii linahusu swali ambalo kamati za sharika zimekuwa zikilileta ofisi ya miradi kwa namna mbalimbali tangu mwishoni mwa mwaka 2025. Laptopu imepokelewa usharikani, imewekewa Linux, inawaka vizuri, inaandika barua na kupiga hesabu, lakini alama ya Wi-Fi haipo. Katibu anatafuta kila pembe ya skrini asiione. Anajua pia kwamba wiki iliyopita, Windows ikiwa bado ndani, laptopu hiyohiyo ilikuwa inapata mtandao wa ofisi bila shida. Hapo husikika maneno mawili: kwamba kadi imeungua, au kwamba Linux haifai kwa kazi za ofisi. Kwa sehemu kubwa ya laptopu zilizofika mezani kwetu, hakuna neno kati ya hayo lililokuwa la kweli.

Sababu ya swali hili kuongezeka inafahamika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Laptopu nyingi tunazopewa na marafiki wetu ni za miaka ya nyuma, na haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida kwa sababu mfumo huo unadai prosesa za karibuni pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kuzitupa ni hasara. Kwa hiyo sharika zinaziwekea Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, ambao hautozwi ada ya leseni. Linux Mint na Ubuntu ndizo zinazotumika zaidi kwetu, na somo hili linazifuata hizo.

Tunaliandika somo hili kwa sababu ya fedha na muda. Usharika mmoja wa milimani ulikuwa na mradi wa maji ambao fedha za awamu ya pili zisingetolewa kabla ya ripoti ya robo kupokelewa pamoja na nakala za stakabadhi. Laptopu yao ikawa haina Wi-Fi. Fundi mmoja wa mjini alisema kadi imekufa, kamati ikapitisha fedha za kununua kifaa kingine, na mtunza hazina akaanza kupanda basi na flashi mfukoni kwenda kutuma ripoti kwenye duka la intaneti. Laptopu ilipokuja kuchunguzwa, kadi ilikuwa nzima kabisa. Tutaeleza mbele kilichokosekana.

Kadi, draiva na femwea

Kadi ya Wi-Fi ni redio ndogo iliyo ndani ya laptopu. Ili ifanye kazi inahitaji vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni draiva, yaani programu inayofanya kazi ya mkalimani kati ya Linux na kadi. Cha pili ni femwea, yaani maelekezo ya kadi yenyewe. Kadi nyingi hazina mahali pa kudumu pa kuhifadhi maelekezo hayo, hivyo kila kompyuta inapowashwa ni lazima yapakiwe upya kutoka kwenye diski. Mkalimani akiwepo lakini kadi haijapewa maelekezo yake, kadi hukaa kimya, na Linux haionyeshi alama yoyote kwa sababu haina cha kuonyesha.

Katika Windows vitu hivyo viwili huja vimefungwa pamoja, ndiyo maana mtumiaji havioni. Katika Linux, draiva nyingi zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, lakini femwea ni mali ya mtengenezaji wa chipu na ndiye anayeamua kama wengine wanaruhusiwa kuisambaza. Intel imeruhusu femwea za kadi zake zisambazwe, na kadi zake hufanya kazi mara nyingi bila mtu kugusa kitu. Kwa chipu zake za zamani, Broadcom haikutoa ruhusa ya namna hiyo, kwa hiyo wanaotengeneza Linux hulazimika kuiacha nje na kuweka programu ndogo inayokwenda kuichukua kwenye intaneti. Yaani mtu anahitaji intaneti ili apate intaneti.

Wanaotumia Debian wajue jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi Debian haikuweka femwea zisizo huria kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji. Wanachama wake walipiga kura Oktoba 2022 kubadili utaratibu huo, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ndiyo ya kwanza kuja nazo. Kama flashi iliyomo kwenye droo ya ofisi ni ya toleo la nyuma ya hapo, huenda hiyo peke yake ndiyo chanzo cha tatizo, na dawa yake ni kuandaa flashi mpya.

Je, tatizo ni lipi hasa?

Mtu anapotuambia "hakuna Wi-Fi", tunamwuliza kwanza anaona nini. Kuna laptopu ambayo kwenye menyu ya mtandao haina kabisa neno Wi-Fi. Kuna nyingine ambayo neno lipo lakini orodha ya mitandao ni tupu, au mtandao wa ofisi haumo wakati simu ya mtu aliyekaa hapohapo inauona. Na kuna ile iliyounganika vizuri lakini kurasa hazifunguki.

Hii ya mwisho si suala la kadi. Chunguza kama bando la ruta limeisha. Angalia pia tarehe ya kompyuta. Laptopu ya zamani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa hurudi nyuma miaka kadhaa kila inapokosa umeme, na tovuti zenye ulinzi hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake havilingani na tarehe. Tumeona watu wakihangaika na mipangilio ya mtandao mchana kutwa wakati kona ya skrini imeandikwa mwaka 2012.

Pale ambapo Wi-Fi ipo lakini mtandao mmoja tu hauonekani, nenda kwenye ruta. Ruta ikiwa imejichagulia chaneli ya 12 au 13, baadhi ya laptopu hazitaiona kwa sababu kadi zake zilipangwa kwa sheria za nchi ambazo hazitumii chaneli hizo, na laptopu zilizotoka Marekani ni mfano mzuri. Iweke ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, kisha jaribu tena.

Sehemu iliyobaki ya somo hili inahusu hasa laptopu isiyo na Wi-Fi kabisa.

Swichi kwanza

Kabla ya jambo lolote la kitaalamu, angalia kama Wi-Fi imezimwa tu. Laptopu za zamani za biashara zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au mbele, ambayo huguswa ikiwa kwenye begi. Nyingine hutumia kitufe chenye picha ya mnara au ndege, ambacho hubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn. Kisha fungua terminali, yaani dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike:

rfkill list

Majibu yatakuwa na mistari miwili kwa kila kifaa. Mstari wa "Soft blocked" ukisema yes, maana yake imezimwa na programu, na amri ifuatayo huifungua:

rfkill unblock wifi

Mstari wa "Hard blocked" ukisema yes, hakuna amri itakayosaidia. Ni swichi yenyewe, au mpangilio wa BIOS. Iwapo laptopu imeachiwa Windows na Linux kwa pamoja, kuna sababu nyingine inayofanana na hii. Windows ya siku hizi haizimi kabisa inapoambiwa izime. Hulala nusu ili iamke haraka, na wakati mwingine huiacha kadi katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha. Ingia Windows, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Shut down, ndipo uwashe Linux. Ikisaidia, kizime kabisa kipengele hicho cha Windows kiitwacho Fast Startup.

Kuiuliza kompyuta yenyewe

Kama swichi si tatizo, hatua inayofuata ndiyo tunayoihimiza kuliko nyingine zote, kwa kuwa ndiyo inayotofautisha kujua na kubahatisha. Andika:

lspci -nnk

Orodha ndefu itatokea. Tafuta mstari wenye maneno "Network controller". Usiuchanganye na "Ethernet controller", ambao ni wa waya. Mwishoni mwa mstari huo kuna mabano ya mraba yenye namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha, na chini yake kuna mstari unaotaja draiva inayotumika, "Kernel driver in use". Namba ya kwanza humtambulisha mtengenezaji: 8086 ni Intel, 168c ni Atheros, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom na 14c3 ni MediaTek. Namba ya pili ni aina ya chipu. Ziandike zote mbili kwenye karatasi. Jina la biashara lililoandikwa kwenye mfuniko wa laptopu halikuambii kadi iliyomo. Laptopu mbili za jina moja na umri mmoja zinaweza kuwa na kadi tofauti.

Kisha andika:

sudo dmesg | grep -i firmware

Amri hii huonyesha kumbukumbu za wakati wa kuwaka zinazotaja femwea. Ukiona jina la faili likifuatiwa na maneno "not found" au "failed to load", umepata jibu: draiva ipo, kadi ni nzima, faili moja halipo.

Kama mstari wa "Network controller" haupo kabisa, jaribu amri ya lsusb, kwa sababu kadi chache za ndani huunganishwa kwa njia ya USB. Isipoonekana na huko, ingia BIOS uone kama imezimwa. Baada ya hapo mfuniko wa chini ufunguliwe na kadi ikandamizwe mahali pake, maana laptopu iliyosafiri siku nzima kwenye barabara ya changarawe huweza kulegea. Ni baada ya hayo yote ndipo neno "imeungua" linaweza kuanza kuzungumzwa kwenye kamati.

Kwa ule usharika wa milimani tuliomba kitu kimoja tu, picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Ilionyesha 14e4:4365. Hiyo ni Broadcom BCM43142, kadi iliyowekwa kwenye laptopu nyingi za bei nafuu za miaka ya 2012 hadi 2014. Draiva za Broadcom zilizomo ndani ya kerneli haziiwezi. Inahitaji draiva ya Broadcom yenyewe iitwayo wl. Chini ya mstari ule palionekana jina bcma-pci-bridge, na mtu asiyefahamu angedhani draiva ipo tayari. Hilo ni daraja tu, kama jina lake linavyosema. Upande wa pili wa daraja hapakuwa na mtu.

Intaneti ya kuletea intaneti

Njia rahisi ni waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, kama laptopu ina tundu lake. Laptopu nyingi nyembamba hazina. Njia inayofaa mahali popote ni simu ya Android. Iunganishe simu kwa waya wake wa USB, hakikisha ni waya unaopitisha data na si wa kuchaji peke yake, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kipengele cha kugawa intaneti kwa USB, kinachoandikwa USB tethering. Linux huitambua simu kama kifaa cha mtandao wa waya bila kuongeza programu yoyote. Tena, ikiwa simu yenyewe imeunganishwa na Wi-Fi ya ofisi, itapitisha mtandao huohuo kwa laptopu na bando la mwenye simu halitaguswa.

Angalizo kwa wanaotumia bando la simu: usikubali pendekezo la kusasisha mfumo mzima. Kifurushi cha linux-firmware peke yake katika Ubuntu kina mamia ya megabaiti. Fungua Driver Manager ukiwa kwenye Mint, au Additional Drivers ukiwa kwenye Ubuntu, subiri itafute, chagua draiva ya Broadcom inayopendekezwa, bofya kuikubali. Kwenye Debian kifurushi kinaitwa broadcom-sta-dkms, na sehemu ya non-free ni lazima iwe imefunguliwa kwenye orodha ya vyanzo. Wenye Mint wasio na mtandao kabisa wanaweza kuchomeka tena ile flashi waliyosakinishia na kuifungua Driver Manager kwa mara ya pili, kwa kuwa draiva ya Broadcom imo humo.

Tunasisitiza jambo hapa. Vijana wetu wana bidii, na wakikwama hutafuta maelezo mtandaoni na kunakili amri ndefu wasizozielewa, zikianza na sudo, ambayo ni ruhusa ya kufanya lolote ndani ya kompyuta. Laptopu ya usharika ina orodha ya washarika, ahadi zao na matoleo yao. Amri ambayo hakuna mtu ofisini anayeweza kueleza inafanya nini isiandikwe humo. Hali kadhalika maelezo yanayomtaka mtu atumie ndiswrapper yapuuzwe. Hiyo ilikuwa njia ya miaka ya 2000 ya kuendesha draiva za Windows ndani ya Linux, na kwa kadi za leo haina kazi.

Skrini ya bluu ambayo watu huipita

Usharika wetu wa milimani uliweka draiva kwa njia ya simu, ukawasha upya, na Wi-Fi haikutokea. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo panapotakiwa uvumilivu wa dakika tano zaidi.

Laptopu nyingi za kuanzia takribani mwaka 2012 zina ulinzi uitwao Secure Boot. Kazi yake ni kukataa sehemu yoyote ya kerneli ambayo haikutiwa sahihi inayotambulika. Draiva ya wl hutengenezwa ndani ya laptopu yenyewe wakati wa kuisakinisha, kwa hiyo haina sahihi ya mtu mwingine. Linux huitia sahihi yake ya hapohapo, na wakati wa kusakinisha hukuomba utunge neno la siri. Watu huandika chochote na kuendelea. Kompyuta ikiwashwa upya hutokea skrini ya bluu yenye maneno "Perform MOK management", inasubiri sekunde 10 hivi, kisha hupita. Asiyebonyeza kitufe ndani ya muda huo anakuwa amekataa sahihi bila kujua.

Kinachotakiwa ni kubonyeza kitufe chochote, kuchagua "Enroll MOK", kukubali, kuandika lile neno la siri, na kuwasha upya. Aliyepitwa anaweza kuiita tena skrini hiyo kwenye Ubuntu na Mint kwa amri hii:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Ataombwa neno jipya la siri, na skrini ya bluu itarudi kompyuta itakapowashwa tena. Ukitaka kuhakikisha kwamba hili ndilo tatizo, andika sudo modprobe wl. Jibu likiwa na maneno "Key was rejected by service", umelipata. Wapo wanaoona ni rahisi kuizima Secure Boot kwenye BIOS. Inafanya kazi, ila sisi tunapendelea sahihi iandikishwe, kwa kuwa ni kazi ya mara moja na ulinzi unabaki.

Katibu wa usharika ule alibonyeza kitufe safari ya pili. Ripoti ilitumwa jioni hiyohiyo, na fedha zilizopitishwa kwa ajili ya kifaa kipya zilirudishwa kwenye fungu lake.

Kuna jambo ambalo wenye kadi za namna hii wanapaswa kulijua mapema. Kila kerneli mpya inapoingia kwa masasisho, draiva ya wl hutengenezwa upya, na kuna nyakati kerneli mpya huikataa. Siku hiyo Wi-Fi hupotea tena bila mtu kugusa kitu. Usisakinishe Linux upya. Washa kompyuta huku umeshikilia Shift, au ukigonga Esc kwa laptopu za UEFI, hadi menyu itokee. Chagua "Advanced options", kisha kerneli ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi. Masasisho makubwa yasifanywe katika wiki ya kufunga hesabu za robo.

Realtek, na laptopu mpya mno

Kadi za Realtek zina tabia nyingine. Tumekutana na RTL8723BE, yenye namba 10ec:b723, kwenye laptopu za bei nafuu ambazo zinauona mtandao pale tu zinapowekwa karibu kabisa na ruta. Kadi hiyo ina sehemu mbili za kuunganishia antena, lakini baadhi ya laptopu zilitoka kiwandani na antena moja, na Linux inasikiliza kwenye tundu lisilo na kitu. Dawa ni mstari mmoja kwenye faili /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf:

options rtl8723be ant_sel=2

Washa upya, isiposaidia, badilisha 2 iwe 1. Kuna laptopu tuliyokuwa tukiiwekea meza kando ya ruta ambayo sasa inatumika chumba cha pili.

Laptopu mpya nazo zina shida yao, yaani kadi imezaliwa baada ya kerneli. RTL8821CE ya Realtek iliingia kwenye kerneli ya 5.9 mwaka 2020, na MT7921 ya MediaTek kwenye 5.12 mwaka 2021. Ukiweka toleo la Linux lenye kerneli ya nyuma ya hapo, kadi haitaonekana hata ufanye nini na femwea. Andika uname -r uone namba ya kerneli yako, na kama ni ya zamani weka toleo jipya la mfumo badala ya kuhangaika na viraka.

Ikibidi kununua

Yapo mazingira ambayo kununua kifaa cha Wi-Fi cha kuchomeka USB ni uamuzi sahihi: kadi imekufa kweli, au muda wa mtu anayehangaika nayo umekwisha kuzidi bei ya kifaa. Shida ni kwamba jina lililo kwenye boksi halitoshi. Mfano unaojulikana ni TL-WN722N ya TP-Link. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271 ambayo Linux huitambua mara moja, na matoleo yaliyofuata yakawa na chipu ya Realtek, kwa jina lilelile. Nenda dukani na laptopu yenyewe, chomeka, uone, ndipo ulipe. Muuza duka asiyekubali, nenda kwa mwingine.

Baadhi ya vifaa hivyo, vikichomekwa, hujitokeza kama diski ya CD yenye programu za Windows. Amri ya lsusb huonyesha namba 0bda:1a2b na mtu husema ameuziwa kitu kibovu. Bofya alama ya kuiondoa diski hiyo kwenye kidirisha cha mafaili. Mara nyingi kifaa hugeuka papo hapo kuwa Wi-Fi.

Kubadilisha kadi ya ndani kwa kadi ya Intel iliyotumika ni njia nzuri pia, lakini laptopu nyingi za zamani za HP na Lenovo zina orodha ndani ya BIOS ya kadi zinazokubalika, na hukataa kuwaka zikikuta nyingine. Ulizia kabla ya kununua.

Kwa wafadhili na kamati zinazopokea

Kazi yote iliyoelezwa hapo juu inaweza kuepukwa kwa robo saa kabla laptopu haijasafirishwa. Andaa flashi ya Linux Mint au Ubuntu, washa laptopu kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, na jaribu kuunganisha Wi-Fi. Diski haiguswi. Wi-Fi ikionekana hapo, itaonekana pia baada ya kusakinisha.

Kama Windows bado imo na hakuna flashi, namba zilezile mbili zinapatikana: fungua Device Manager, nenda Network adapters, fungua kadi ya Wi-Fi, kisha Properties, Details na Hardware Ids. Utaona maandishi kama VEN_14E4&DEV_4365. Tunawaomba marafiki wetu wanaotutumia laptopu waziandike namba hizo kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kila laptopu, pamoja na ukubwa wa kumbukumbu na hali ya betri. Laptopu yenye 14e4 tutaipokea kwa shukrani kama nyingine, ila tutaipeleka usharika ulio karibu na mtu anayeweza kuihudumia, na zile za 8086 tutazipeleka zile sharika za mbali ambako basi hufika mara mbili kwa wiki.

Kamati ambazo tayari zina laptopu za Linux zinaombwa kuandika namba hizo kwenye rejista ya mali za usharika, kwenye safu ileile ya namba ya laptopu. Atakayekwama atutumie picha mbili kupitia kwa mchungaji wa usharika, ya lspci -nnk na ya rfkill list, kabla kikao hakijapitisha fedha yoyote.